Tangi la baharini lita hamsini, chumvi imepanda hadi 39: naishushaje bila kuua kamba na matumbawe?

#1 Kitatange_Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Tangi ni la futi mbili, sm 60 kwa 30 kwa 36, maji yamefika sm 30. Ndani kuna samaki wa anemoni wawili, kamba msafishaji mmoja, konokono sita, zoanthi (jamii ya matumbawe) na matumbawe laini ya aina ya uyoga. Mawe kilo 9, mchanga sm 3. Refraktometa (kipima chumvi kwa mwanga) inasoma 39, yaani vipande 39 vya chumvi kwa elfu. Maji yanayokauka kwa siku ni kama mililita 800, nayajazia ya kisima. Zoanthi zimefunga tangu juzi, konokono wametulia kwenye kioo hawatembei, samaki wanakula kama kawaida. Nataka kurudi 35. Nitoe lita ngapi, niweke maji matamu kiasi gani, na kwa muda gani?

#2 Kolekole
Mkuu, usiguse maji kwanza. Majibu matatu yanahitajika kabla ya hesabu:

1. Refraktometa umeiseti kwa kitu gani, na lini?
2. Hicho kisima kina TDS (madini yaliyoyeyuka, miligramu kwa lita) ngapi?
3. Umekata mawe na mchanga kwenye ujazo wa tangi?

Kuhusu la tatu nikusaidie mwenyewe. 60 × 30 × 30 ni lita 54. Mchanga wa sm 3 unachukua nafasi ya lita 3 na kidogo, kwa sababu karibu asilimia 40 ya mchanga ni maji. Mawe kilo 9 ni kama lita 4 na nusu. Maji yako halisi ni lita 46 hivi. Ukipiga hesabu kwa lita 54 nzima, utashusha zaidi ya ulivyokusudia, na kwenye tangi dogo kosa la lita nane si dogo.

#3 Matumbawe_Nyali
Naongezea kwenye la kwanza. Refraktometa nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupima maji yenye chumvi tupu ya mezani, si maji ya bahari. Hivyo viwili havipindishi mwanga sawasawa. Maji ya bahari ya 35 yanaonekana kwenye kioo cha refraktometa sawa na myeyusho wa chumvi ya mezani wa 36.5. Kwa hiyo kuiweka sifuri kwa maji safi hakutoshi: sifuri itakuwa sahihi, juu huko kwenye 35 inadanganya.

Kama huna kimiminika cha kusetia cha 35, tengeneza. Chumvi kavu ya mezani gramu 7.3, maji ya RO (yaliyochujwa hadi madini yakatoka) gramu 192.7, jumla gramu 200. Pima vyote kwa uzito, maji pia, usipime kwa kikombe. Mizani iwe ya kusoma pointi moja ya gramu, ile ya sonara; mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja itakupotosha hadi vipande vitano kwa kiasi hiki kidogo. Chumvi iwe imekauka kabisa, iliyokaa wazi inanyonya unyevu wa hewa na uzito unakuwa wa maji. Madini joto yaliyomo hayabadilishi kitu kwenye kipimo. Weka matone mawili, funga kifuniko pasiwe na kiputo, subiri nusu dakika hadi dakika nzima, kisha zungusha skrubu hadi mstari ukae kwenye 35.

Kimiminika hicho ni cha refraktometa tu. Usikitumie kwa haidromita (kipima uzito wa maji ya chumvi kulinganisha na matamu) wala kipimo cha umeme, kila kifaa kina namba yake.

#4 Tasi
Halafu joto. Refraktometa zenye kujirekebisha na joto zinafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30. Chumba cha Dar mwezi wa pili bila AC kinapita hapo mchana. Pima asubuhi au usiku, na refraktometa iwe imekaa chumba kimoja na tangi, isitoke kwenye droo ya gari.

#5 Kitatange_Tegeta
Nimeshukuru. Refraktometa niliiseti kwa maji ya chupa. Nimetengeneza huo myeyusho, inausoma 37. TDS ya kisima nimepimiwa, 2,000.

#6 Kolekole
Basi mambo mawili yamejibiwa. Kifaa kinazidisha 2, kwa hiyo maji yako yapo 37, si 39. Kama ungeshusha vipande vinne kwa namba ya kwanza, ungeishia 33 huku unaamini upo 35.

Na chumvi imetoka wapi tumeipata. Kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Unachojazia ndicho kinachoamua. TDS 2,000 ni gramu 2 za madini kwa kila lita. Mililita 800 kwa siku ni gramu 1.6, kwa mwezi gramu 48, gawa kwa lita 46: unaongeza karibu kipande kimoja kila mwezi. Na si chumvi ya kawaida tu, visima vya ukanda wetu vinakuja na naitreti na magadi yake. Usipobadilisha maji ya kujazia, hata ukishusha leo, baada ya miezi miwili uko hapa hapa.

Sasa hesabu. Unayotoa = ujazo halisi × (namba ya sasa − unayoitaka) ÷ namba ya sasa. 46 × 2 ÷ 37 ni lita 2.5 kwa jumla. Unatoa lita hizo za tangi, unarudisha kiasi hicho hicho cha maji ya RO. Gawa siku mbili: lita 1.25 leo inakupeleka 36, lita 1.25 kesho inakupeleka 35. Yale mililita 800 ya kukauka unajazia kama kawaida, hayahusiani na hesabu hii, ila yawe RO.

#7 Matumbawe_Nyali
Hesabu nakubali, mwendo sikubali. Samaki angevumilia kipande kimoja kwa siku bila shida. Samaki wa mifupa wa baharini anajirekebishia chumvi ya mwili, anakunywa maji na kutoa chumvi kwa matamvua. Kamba, konokono na matumbawe hawana uwezo kama huo, chumvi ya mwilini kwa kiasi kikubwa inafuata ya nje. Ikishuka ghafla, maji yanaingia kwenye seli. Kamba ndiye anayeonyesha haraka: anajivua gamba kabla ya wakati, gamba jipya halijawa tayari, na unamkuta kalala kesho yake.

Mimi ningekwenda nusu kipande kwa siku, yaani mililita 620 kwa siku nne. Hakuna anayekukimbiza. 37 si sumu, maji ya Bahari ya Sham yanafika 40 na matumbawe yanakua huko.

#8 Kolekole
Kwa tangi lenye kamba, sawa, nusu kipande. Nilikuwa nafikiria samaki.

Ila hata hizo mililita 620 asizimwage kwa mkupuo. Agawe mara tatu, asubuhi, jioni na usiku, polepole mbele ya mdomo wa pampu ili yachanganyike kabla hayajagusa kitu. Maji matamu ni mepesi, yakimwagwa pasipo mkondo yanaelea juu kwanza, na konokono aliyeko kwenye mstari wa maji anaoga maji ya mvua.

#9 Jahazi_Ghuba
Salaam kutoka Abu Dhabi. Kuna njia nyingine isiyohitaji kumwaga maji matamu kabisa: tumia siku ya kubadilisha maji. Badilisha asilimia 10, lita 4.6, kwa maji mapya uliyoyachanganya kwa 32 badala ya 35. Inakutoa 37 hadi 36.5, na kalsiamu na magadi hayapungui sana kama unapotia RO tupu. Ukishusha kwa RO kutoka 37 hadi 35 umepunguza kila kitu kwa zaidi ya asilimia 5, si chumvi peke yake. Kwa matumbawe laini haina neno. Mwenye matumbawe ya mawe apime magadi baada ya kumaliza.

Huku tatizo letu ni la maji yenyewe. Ukichota baharini upande wa Ghuba unapata 40 kabla hujaanza. Lita 10 za 40 zinataka RO lita 1.43 ndipo ziwe 35. Na AC inafanya kazi mchana na usiku, hewa kavu, tangi la lita 50 lisilo na kifuniko linakausha zaidi ya lita moja kwa siku kirahisi.

#10 Mkizi77
Wadau naomba kuingilia na la kinyume. Tangi lita 30 halisi, haidromita ya mkono inasoma 1.021. Samaki tu na kaa wawili wa kombe. Nataka kupandisha. Muuzaji amesema nitie chumvi kijiko kimoja kila siku nyuma ya filta. Sawa?

#11 Tasi
Si sawa. Chumvi kavu haiingii kwenye tangi lenye viumbe, iwe mbele au nyuma ya filta. Punje ambazo hazijayeyuka zinabebwa na mkondo, zinatua juu ya tumbawe au kaa na kuunguza palepale. Na chumvi ya akwariamu ikikutana na maji machache kwa wingi, kalsiamu na magadi yake yanashikana, yanakuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Hata kwenye ndoo sheria ni hiyo: maji kwanza, pampu iwake, ndipo chumvi inamiminwa kidogo kidogo. Ukianza na chumvi ukamwagia maji, unapata ukungu mweupe na kalsiamu imeshakwenda.

Kwanza kagua hiyo haidromita. Viputo vikishika mkono wake vinaunyanyua, inasoma juu kuliko ukweli. Utando wa chokaa unauongezea uzito, inasoma chini. Loweka kwa siki saa moja, suuza kwa RO, jaza tena, gonga kwa kidole viputo vitoke, iache dakika chache ndipo usome. Halafu peleka maji yako kwa mwenye refraktometa iliyosetiwa mlinganishe.

#12 Kolekole
Ikithibitika ni 1.021, hiyo ni 28 hivi. Kwa wanaochanganya vipimo viwili: 1.020 ni kama 26.6, 1.023 ni 30.6, 1.025 ni 33, na 35 ni 1.0264. Kila pointi moja ya mwisho ni kama kipande 1.3. Kwa hiyo mtu akisema "panda pointi mbili tu" anamaanisha vipande 2.6, si kidogo hivyo.

Njia salama ya kupandisha ni uvivu wenyewe. Unapojazia maji yaliyokauka, acha RO, tumia maji ya chumvi ya 35 yaliyochanganywa vizuri. Tangi la lita 30 likikausha nusu lita kwa siku, nusu lita ya 35 ina gramu 17.5, gawa kwa 30: unapanda 0.58 kwa siku. Kutoka 28 hadi 35 ni siku 12. Hutoi maji, humwagi kitu, huna hesabu ya kukosea. Jambo moja tu: pima kila siku mbili, na siku ikifika 35 rudi RO siku hiyo hiyo. Ukisahau, inaendelea kupanda.

#13 Matumbawe_Nyali
Akiwa na haraka kidogo: lita 3 kwa siku, atoe za tangi aweke za 38. Siku ya kwanza inapanda kipande kimoja, kadiri anavyokaribia inapungua yenyewe, akifika 33 ni nusu kipande. Asizidishe mwendo huo. Kupandisha ndiko kunakomuumiza samaki zaidi ya kushusha, kwa sababu maji yanamtoka mwilini haraka kuliko anavyoweza kuyarudisha. Utamwona anapumua kwa kasi na kukaa karibu na pampu.

Kwa lita 20 za maji mapya, weka chumvi ya gramu 36 hadi 40 kwa kila lita kutegemea kopo linavyoelekeza, pampu usiku kucha, joto sawa na la tangi, ndipo upime. Ukipima dakika kumi baada ya kumimina utapata namba ya uongo. Na isiwe chumvi ya mezani. Ile ni sodiamu na kloridi basi. Bahari ina magnesiamu karibu miligramu 1,300 na kalsiamu zaidi ya 400 kwa lita, pamoja na magadi yanayoshikilia pH isianguke.

#14 Mkizi77
Nimeelewa. Vipi nikichota maji ya bahari moja kwa moja? Nipo Dar, karibu na daraja la Salender.

#15 Tasi
Pale usichote. Msimbazi unamwaga hapo hapo, wakati wa masika chumvi inashuka na uchafu wa mji mzima unakuja nao. Mombasa vilevile, si Kilindini wala ndani ya hori la Tudor. Chota maji yakiwa yanajaa, ikiwezekana bamvua, mbali na mdomo wa mto, bandari na bomba la hoteli. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku kadhaa, maji matamu yanakaa juu na wewe unachota juu. Dumu liwe la chakula, halijawahi kubeba mafuta wala sabuni. Na upime kila dumu, usidhani bahari ni 35 kila siku. Ndani ya hifadhi za bahari usichukue chochote.

#16 Kitatange_Tegeta
RO naipata wapi kwa bei ya kawaida? Maji ya chupa siyo? Na yale yanayotiririka kutoka AC?

#17 Jahazi_Ghuba
Ya AC hapana. Yanapita kwenye koili za shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono.

#18 Kolekole
Chupa inategemea, mengi yanaongezewa madini makusudi ili yawe na ladha. Vioski vya kujaza maji vingi vina mashine za RO, lakini baadhi wanarudisha madini mwishoni au membreni (kichujio chake) imechoka. Nenda na kipima TDS mfukoni. Chini ya 10 chukua, 100 ukiwa huna jingine utaishi nayo kwa muda, 300 achana nayo. Maji ya betri yanafaa yakiwa maji kweli: hakikisha siyo asidi, maana chupa zinafanana na duka moja linauza vyote viwili. Kipima kikionyesha zaidi ya sifuri au moja, usitie.

Bomba la mjini lina klorini, lazima dawa ya kuiua kwanza, na TDS yake nayo pima.

#19 Mwanzi_Bluu
Suluhisho la haya yote si kununua kifaa cha kujazia chenyewe? Boya linashuka, pampu inawaka, basi. Mnapoteza muda na vikombe.

#20 Matumbawe_Nyali
Kifaa ni kizuri, na ndicho kinachoangusha chumvi ya matangi mengi madogo kwa usiku mmoja. Konokono akipanda juu ya boya likabaki chini, pampu haizimi. Kinga ni ukubwa wa ndoo. Tangi lake lina lita 46: ndoo ya lita 4 ikiingia yote, chumvi inafika 32.2, watu watanuna lakini wataishi. Ndoo ya lita 10 ikiingia yote inafika 28.75, na kama tangi limefurika umepoteza na chumvi juu yake.

Ncha ya mpira ikae juu ya mstari wa maji, isizame. Ikizama, pampu ikizima maji yanaendelea kuvutwa yenyewe, upande wowote ulio chini. Weka boya la pili juu kidogo la kuzima endapo la kwanza limekwama. Kwenye matangi yenye chumba cha nyuma, boya liwe chumba cha pampu, ndicho pekee ambacho maji yanashuka; vyumba vingine vimezuiwa na kingo havitakuambia kitu.

Asiye na kifaa abandike utepe kwenye kioo cha chumba hicho, ajazie hadi kwenye utepe mara mbili kwa siku. Kwa tangi dogo hiyo inatosha kabisa.

#21 Mwanzi_Bluu
Na ikishatokea imeanguka usiku? Nirudishe palepale asubuhi au siku tano?

#22 Kolekole
Mimi nasema ikiwa imeanguka saa chache zilizopita na unajua ilikuwa ngapi, rudisha ndani ya siku moja, nusu asubuhi, nusu jioni. Mwili haujazoea namba mpya.

#23 Matumbawe_Nyali
Nakubali kama ni chini ya vipande vinne na umeigundua asubuhi ile ile. Ikikaa zaidi ya siku, fanya kama alivyoelekezwa Mkizi77 hapo juu. Kwa vyovyote pima amonia siku mbili zinazofuata. Bakteria wa filta wakipata mshtuko wanapunguza kazi, na konokono aliyekufa nyuma ya jiwe kwenye lita 46 anatosha kuharibu kila kitu.

#24 Kitatange_Tegeta
Nimeanza leo, mililita 620 kwa siku, nimezigawa mara tatu. Swali la mwisho: kuna chumvi nyeupe imeganda kwenye kingo na waya. Niirudishe ndani?

#25 Tasi
Iliyo safi kwenye kioo ifute kwa kitambaa chenye RO, ikidondokea ndani kidogo haina neno. Ya kwenye waya na plagi itupe, na fanya kitanzi waya ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, tone lidondoke sakafuni lisiifikie soketi. Ila jua kwamba hiyo ni chumvi iliyotoka kwenye maji yako. Pamoja na ile inayotoka na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) kama inatoa maji mepesi, na wewe unajazia matamu, baada ya miezi utaanza kuona 34, 33. Pima mara moja kwa wiki hata mambo yakiwa shwari, na suuza kioo cha refraktometa kwa RO kila ukimaliza, chumvi ikikauka pale kipimo kinachofuata kinaanzia juu.